Haan ya Pili

Jumatatu, 3 Oktoba 1966

Nimeshindwa tena! Huyu ngamia ana chuki na mimi. Ni wa mti, urefu wa shibiri, amesimama juu ya kijiti kimoja, ukimpumulia tu anayumba. Tunampakia kwa zamu, mzigo mmoja mmoja: miti ya nyumba, mikeka, sufuria. Akianguka mkononi mwako, umekwisha. Abowe Guleid, kaka yangu, alinichongea nilipoolewa. Kila kipande amekichoma kwa chini alama ya ngamia wa ukoo wetu, eti visije vikaibwa! Ila haan, kile chombo cha maji, ni moja tu, basi mnyama anaegemea kulia tangu mwanzo. Haan ya pili Guleid ananiahidi mwaka mzima sasa.

Jelle hajali. Mkono wa mume wangu hautetemeki kamwe. Mchana kutwa anawatafsiria wakubwa wa askari ofisini, jioni anakuja kunicheka: mwanamke asiyejua kupakia ngamia atahama vipi? Nikamrushia mkeka. Tumecheka mpaka saa ya kafyu.

Alhamisi, 6 Oktoba

Rahmo muuza maziwa kaleta salamu. Guleid anakuja! Jumapili alfajiri, kwenye miti ya mikoma, chini ya kitongoji cha Galbet. Anataka dawa ya macho ya mama. Hana pasi. Amekataa kuingia kijiji cha seng'enge ambamo serikali inafungia wafugaji, basi kwa askari yeye ni shifta, mwasi, kwisha. Shifta gani? Bunduki yake ni fimbo.

Nimemwambia Jelle peke yake. Alinishika mkono. Nitajie mahali, akasema, nijue doria isipite huko. Nikamtajia. Moyo umetulia.

Jumapili, 9 Oktoba

Hajaja. Kafyu ilipoisha nilikimbia hadi mikoma, sikukuta mtu. Dawa iko kwenye kanga yangu, nimeifunga na kuifungua siku nzima.

Jelle anasema labda kaghairi, watu wa porini ndivyo walivyo. Sikupenda alivyosema "watu wa porini".

Jumatatu, 10 Oktoba

Wamemchukua.

Rahmo kaniambia mlangoni huku anapima maziwa, bila kuniangalia. Askari hawakuwa wanapita. Walikuwa wamelala chini ya mikoma tangu usiku, kimya, hata sigara hawakuwasha. "Walikuwa wanamngoja, abaayo, dada yangu," akasema. "Sasa mimi usinitaje. Wallahi, hata kwa mume wako."

Jioni nimemwuliza Jelle kama amesikia lolote kuhusu Guleid. Wallahi sijui kitu, akasema, hakuna aliyeletwa ofisini. Akaomba chumvi.

Nami nimemwamini. Ni mume wangu, nimwamini nani mwingine?

Jumatano, 12 Oktoba

Naandika jikoni, chai iko motoni, Jelle yuko mezani. Haraka.

Amerudi mapema na nyama ya mbuzi. Hakuna sikukuu. Kisha akatoa kitu mfukoni: haan. Ndogo, mpya, bado inanuka mti. Nimeinunua sokoni kwa mzee mmoja, akasema, ngamia wako asiegemee tena. Macho yake yalikuwa na huruma! Hilo ndilo linaloniua, huruma yake.

Nikaigeuza. Chini kuna alama yetu. Imechomwa kwa msumari, mkono wa Guleid.

Hakuitazama chini. Jelle ni mtoto wa mwenye duka, hajawahi kutafuta ngamia aliyepotea, angejuaje kugeuza?

Basi amemwona Guleid. Alikaa naye chumba kimoja, akatafsiri maswali, akatafsiri majibu. Na mahali pale nilimtajia mimi, mimi na mdomo wangu! Nimesalitiwa na mtu ninayemkunjia shati kila asubuhi.

Guleid alimpa kwa mkono wake, akasema mpelekee dada? Au waliitoa katika nguo za maiti? Nikiuliza, atajua nimejua, na atatafuta nani kaniambia habari ya mikoma. Rahmo ana watoto wadogo. Nisipouliza, nitajuaje kama kaka yangu anapumua?

Ameshapanga kila kitu juu ya ngamia. Nimechungulia. Miti, mikeka, sufuria, haan ya kulia. Mkono wake ni uleule, hautetemeki hata kidogo. Kaacha upande wa kushoto wazi. Itundike wewe, kasema, ni zawadi yako.

Anaita. Rukiyo, zamu yako! Chai inafurika na siitoi. Haan ninayo kiganjani, alama juu. Nimeunyoosha mkono wangu mbele ya moto niutazame — hautetemeki.

Anaita tena. Nakuja, nimemwambia, nakuja —