Babu Alisema Nzuri Tu

Uru, Moshi
7 Septemba 2025

Mpendwa Shangazi Bernadetha,

Shikamoo. Unaendeleaje huko Kanada? Binamu yangu Gladness hajambo? Sisi ni wazima, nami nipo nyumbani kwa likizo fupi.

Najua unasubiri habari za baba yako. Upasuaji umekwisha salama na amesharudi. Kwenye simu huwa naona haya, ndiyo maana nimeandika.

Krismasi iliyopita hukuwepo. Babu alimpa Baba kisu cha kugawia nyama, akasema amechoka. Sote tulijua ni ile mikono inayotetemeka. 

Kule Dar es Salaam walimpasua akiwa macho, kichwa kimetiwa ganzi. Baba aliruhusiwa kuingia ili atafsiri, maana Babu akiogopa hurudi kwenye Kichagga. Waliingiza waya mwembamba ndani ya ubongo, wakapitisha umeme kidogo kidogo, wakitafuta mahali panapotuliza mtetemeko. Kila walipobadilisha, daktari aliuliza, "Babu, sasa unajisikiaje?"

"Nzuri tu."

Hata mkono ulipokuwa ukirukaruka, nzuri tu. Daktari mmoja aliona umetulia, mwenzake akaona bado. Bahati njema walikuwa wamemfunga kidoleni kifaa kidogo kinachopima mtikisiko na kuuchora kwenye skrini. Baba anasema mistari ilikuwa imechongoka kama kilele cha Mawenzi. Wakaendelea kutafuta mpaka ikalala.

Daktari akacheka. "Mzee Sirili, kwako kila kitu ni kizuri. Leo nausikiliza mkono."

"Sasa mtu ananihangaikia tangu asubuhi," Babu akamjibu, "nimwambie vibaya?"

Mkono wa kushoto bado unatetemeka kidogo. Waya umeachwa humo ubongoni, na wanasema watarekebisha umeme wake akirudi kliniki. Ila jana wa kulia ulishika kisu ukamenya ndizi za mchana. Bibi alijifanya hakuona, akatoka kwenda kuwapa ng'ombe majani, akakaa huko muda mrefu.

Kisu cha Krismasi Baba amekinoa na kukirudisha kwa Babu. Tafadhali jitahidi uje.

Bibi na Baba mdogo Ildefonce wanakusalimu sana. Mungu awatunze wote hapo nyumbani kwako.

Ukipiga simu Jumapili, usimuulize Babu anaendeleaje. Nitaiweka simu karibu na kikombe chake cha chai. Wewe sikiliza tu kama kinagonga sahani.

Mtoto wa kaka yako, anayekupenda na kukukumbuka,
Priska