Ukili Wako Uko Nizwa, Mama

Ibra, Ijumaa baada ya chakula cha mchana

Mamaangu mpenzi,

Shikamoo. Shikamoo ninayompa bibi wa nyumba hii kila asubuhi ni sehemu ya kazi. Hii ni yako, ipokee. Vipi magoti? Mdogo wangu Rehema aliniambia siku hizi unasuka mikeka umekaa kwenye kigoda badala ya chini, nikajua yanakuuma na hutaki kusema. Paa la upande wa jikoni limezibwa au bado mnategesha ndoo? Mimi ni mzima wa mwili. Nakula, nalala, sijapigwa wala sijatukanwa. Nayasema haya mapema ili usome yanayofuata bila kushika kifua.

Utashangaa kuona karatasi wakati simu ipo. Mama, humu ndani Kiswahili si siri. Bibi amezaliwa Unguja na anakisema kuliko mimi, mwanawe anakielewa chote, mkewe nusu, wajukuu robo, na hiyo robo ndiyo ya hatari, maana wanadaka neno moja wakamalizia wenyewe. Nikikutumia sauti, nyumba nzima inasikiliza. Ndiyo sababu kila tukizungumza nasema alhamdulillahi, kazi nzuri, halafu nakuuliza habari za kuku. Barua hii anakuja nayo Bi Tatu wa Muheza, anayefanya kazi nyumba ya jirani. Anakwenda likizo, ameapa atakupa mkononi.

Jambo lenyewe linahusu kazi yangu. Si ya kufua na kupiga deki, ile nyingine.

Unakumbuka nilivyokuwa Tanga. Meza moja kwenye duka la steshenari, kadi za harusi, mabango ya maulidi, lebo za asali. Hakuna aliyenifundisha, nilichungulia kwa wenzangu mpaka nao wakawa wanachungulia kwangu. Mkataba wa huku uliandikwa mhudumu wa nyumbani, nikatia saini nikijua. Sikudanganywa na mtu. Hesabu yangu ilikuwa nishike ufagio kwa muda, kisha nirudi niwe na duka langu mwenyewe.

Sasa mama mwenye nyumba, mke wa mwanawe Bibi, hutengeneza udi na kuuuza kwa simu. Alikuwa akiutia kwenye makopo ya plastiki yenye stika ya dukani, ukiuona utadhani ni dawa ya mende. Siku moja nilimchorea kisanduku nyuma ya boksi la majani ya chai. Akakipenda. Tangu hapo, wao wakilala baada ya adhuhuri, mimi nafungua laptopu ya Thuraya, binti yao mkubwa, aliyekuwa anasomea michoro na matangazo chuoni hapa Ibra. Karatasi moja ilikuwa inatoa visanduku vinne. Nikaigeuza mpangilio, ikatoa sita. Theluthi nzima ya karatasi imeokoka kwa kila kisanduku, na sijasikia ahsante hata ya robo.

Lakini nisikufuru, Mama, nilifurahi. Kila walikonichukua kubeba mtoto wao mdogo, mimi nilirudi na kitu. Sur nilirudi na misumari ya milango ya zamani, ile mistari yake mitatu mitatu. Ras al Hadd walikwenda kutazama kasa, mimi nikatazama njia aliyoiacha mchangani, imekatwa pande mbili sawasawa kama imepigwa rula. Jabal al Akhdar wakati wa waridi, wachumaji wanafunga shuka kiunoni likatuna mbele kama mfuko. Umbo hilo ndilo likawa chupa ya marashi. Hata ndimu zinazoanikwa juu ya dari hapa nyumbani, zinavyonywea na kuwa nyeusi, kila moja na mikunjo yake, niliziweka kwenye lebo. Nilikuwa nanyoosha mashati na kichwa kiko kazini. Nilijiambia, huku ndiko kusoma kwangu, na nauli wanalipa wao.

Mwaka wa mwisho Thuraya akatakiwa chuoni atengeneze vifungashio sita vya bidhaa za kwao: udi, marashi, haluwa, ndimu kavu, tende na asali. Akaniomba nimsaidie. Kati ya sita, vitano ni vyangu mwanzo hadi mwisho. Cha sita alichagua rangi yeye, nami nikaibadilisha. Na cha marashi, kile nilichokipenda kuliko vyote, nilikizungushia mchoro wa ukili wako, ule utepe unaousuka kuungia mikeka. Ule wa chane kumi na tatu, wenye kona uliyofundishwa na marehemu bibi yangu. Nilimwambia Thuraya wazi kwamba huu ni wa mamaangu, wa Pangani. Akasema, "Masha'Allah, mama yako mikono yake dhahabu."

Siku ya maonyesho ya chuo nilikwenda nikiwa nimebeba mtoto. Lile boksi la chai nililochorea mwanzo alilibandika ukutani ndani ya fremu, watu waone kazi ilivyoanza. Namba zangu za vipimo ziko pale, saba yangu iliyokatwa kiunoni kama ya Baba. Juu yake jina la Thuraya kwa herufi kubwa, nzuri, ambazo pia nilizipanga mimi. Akaja bwana mmoja mwenye ofisi ya matangazo huko Nizwa, mtu mzima, mtaratibu, akakaa sana kwenye kisanduku cha marashi. Akauliza kwa Kiingereza msuko huu ameutoa wapi. Thuraya akajibu vizuri, tena kwa machozi kidogo, kwamba bibi yake alikuwa na kikapu cha makuti ya mtende, na utotoni alilala akikipapasa kwa vidole. Nilimtazama usoni nikitafuta uongo, nisiuone. Nadhani alipokuwa akisema aliamini. Kisha akageuka akaniambia kwa upole, "Dada, shika na hii," akanipa mkoba wake, ili apeane anwani na yule bwana vizuri.

Nikasimama pale, mtoto begani, mkoba mkononi. Ningesema nini, Mama? Kazi zote ziko ndani ya laptopu yake, zina jina lake. Na kibali changu cha kuwa nchi hii kimefungwa kwa baba yake, kafili wangu, yaani mdhamini. Nikiondoka bila ruhusa yake naandikwa mtoro. Nilipiga hesabu pale pale nimesimama, kila upande jibu ni sifuri.

Yule bwana akampa kazi.

Siku ya pili nilimfuata Thuraya chumbani, nikamwambia sitaki kumwaibisha, nataka kitu kimoja tu: amwambie yule bwana kwamba tulikuwa wawili, na kwamba wa pili anatafuta kazi. Akalia. Analia haraka yule mtoto.

"Dada Mwana, mimi nikisema, chuo inanifelisha. Wallahi inanifelisha. Wewe ukisema, unapata nini?"

Nikamwambia napata jina.

"Jina kwa nani? Nani hapa anakujua?"

Hakuuliza kwa dharau. Aliuliza anataka kujua.

Nikabaki na mlango mmoja, baba yake. Nilingoja amalize kahawa, amekaa na Bibi sebuleni, nikapiga magoti nikamwambia mkataba wangu unakaribia kwisha, badala ya kuurudia kwa kazi za ndani naomba aniruhusu kuhamisha kibali kwa mwajiri mwingine, nami nitajitafutia nafasi ofisi ile ile anayokwenda Thuraya. Nikamwambia kazi hii naijua. Sikusema zaidi, mambo ya binti yake sikuyagusa. Yeye ni mtu mwema, Mama. Hajawahi kuninyima siku yangu ya mapumziko. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatabasamu, akanijibu kwa Kiswahili chake cha taratibu.

"Wachoraji wapo tele, Mwana, hata kwenye simu wapo. Mtu wa kukaa na mama yangu akamsikiliza kwa lugha yake, mimi nimtoe wapi?"

Akaniambia ataniongeza mapumziko. Nikashukuru. Unafanyaje, Mama? Nimeajiriwa kwa sababu ya Kiswahili ulichonifundisha wewe, na Kiswahili hicho hicho ndicho kilichonifunga. Bibi hana mtu mwingine. Wajukuu wanamwambia "Bibi, kula chakula yako" basi, wamemaliza. Mimi ndiye ninayejua anapomtaja mtu wa Malindi anasema Malindi ipi, ya Unguja au ya Kenya, na ndiye ninayemuuliza halafu ikawaje. Akikosa hayo hata dawa hanywi.

Bibi mwenyewe alikuwepo, amesikia yote. Nilipokuwa namkanda miguu baada ya alasiri ndipo akasema.

"Nnajua kama kazi ni yako. Mie si kipofu, nilikuwa nnakuona hapo mezani wenzako wamelala."

Nikamuuliza mbona hakusema.

"Niseme wapi, mwanangu? Nyumba ya mwanangu hii, si yangu. Yule mjukuu wangu. Nikimvua nguo mbele ya watu, mie ntajisitiri na nini?" Akanisogezea mguu wa pili. "Na tena uongo siwezi, mwanangu: sitaki uondoke."

Nikaendelea kukanda. Angekuwa mtu mbaya ningemchukia nikapumzika. Humu ndani hakuna mtu mbaya, nimewahesabu wote.

Thuraya sasa yuko Nizwa, anakaa kwa shangazi yake, anarudi mwisho wa wiki. Alhamisi ile ya kwanza aliingia, akambusu Bibi kichwani, akala, kisha akaja jikoni na laptopu. Ameletewa kazi tatu ofisini na mbili hajui aanzie wapi. Nikafuta mikono. Tangu hapo ndiyo mtindo wetu. Katikati ya wiki ananitumia picha kwa simu, mimi nachora, yeye anapeleka. Mara moja nilipita mbele ya ofisi yake, tulipokwenda soko la mbuzi la Ijumaa huko Nizwa kutafuta mnyama wa akika. Bango la mlangoni lilikuwa jipya. Nililijua kabla sijalisoma, maana ni mimi niliyelipinda ile herufi ya mwisho. Mtoto alikuwa analia, tukapita.

Mama, sasa nakuja kwenye nililotumwa. Barua hii nimeruhusiwa kuiandika kwa sababu hiyo. Mengine niliyokuandikia hawayajui.

Kuna hoteli moja Jabal al Akhdar, imekiona kile kisanduku cha marashi, na msuko wake umewapendeza mno. Wanautaka kila mahali, kwenye karatasi zao, kwenye mapazia, na wanataka mikeka halisi ya kutundika vyumbani, thelathini na sita. Ofisi haijui itaipata wapi. Thuraya akanikimbilia jikoni, akanikumbatia na mikono yangu ina unga.

"Dada, mama yako si anasuka? Hii riziki yake. Mungu kamletea."

Naye anafurahi kweli, kwa ajili yako. Ameshamwambia bosi wake kwamba anamjua mwanamke huko Afrika ambaye anaweza kufuata mchoro wowote atakaopewa. Mchoro wake Thuraya. Watakutumia uufuate.

Nimeambiwa nikuulize, basi nakuuliza: utasuka?

Mimi nilizoea kukushauri kila kitu, mpaka ukawa unanicheka kwamba nimezaliwa na rula. Hili siwezi. Nikisema kataa, najua paa, najua ada ya Rehema, na najua macho yako hayana mikeka mingi iliyobaki. Nikisema kubali, nitakuwa nimekufanya uusuke ukili wako mwenyewe kwa kuazimwa na mtoto wa watu. Ukikubali, kazi ni ya halali na malipo nitayasimamia mimi, hapo hawatanipita. Ukikataa, nitawaambia mama ameacha kusuka, magoti. Hakuna atakayekulaumu. Watamtafuta mwingine, maana mchoro wanao.

Nisalimie Baba Mdogo fundi baiskeli, mwambie ile spana niliyomwahidi sijaisahau. Shangazi mwenye kuku, mwambie nawaulizia kwa dhati, si kwa kuficha maneno tu. Mwalimu wangu wa madrasa, Bi Mkubwa wa nyumba ya kona, na mama wa maandazi anayekukopesha bila kukuuliza. Rehema mwambie asome. Na kile anachokichora, popote anapokichora, aandike jina lake pembeni kwanza, kabla ya mstari wa kwanza.

Ndani ya bahasha nimekuwekea picha ya kile kisanduku. Ukiitazama vizuri utaona kuna makosa. Chane kumi na tatu mashine ya kuchapia ilikuwa inazichanganya, zikatoka doa jeusi, nikazipunguza zikawa tisa. Na kona yako haikuingia kwenye mkunjo wa karatasi, nikaikata. Hoteli imesema mikeka isitofautiane na kisanduku hata kidogo. Kwa hiyo ukisuka, Mama, usisuke unavyojua. Hesabu tisa, na ukifika kwenye kona, ikate.

Mwanao anayekupenda,

Mwanahamisi