Watu Wanane Uwanjani Cayma

Jumatatu, 2 Oktoba 2023

Barua ya mfuko unaotufadhili imefika. Tawi letu la hapa Arequipa, Peru, litafungwa — isipokuwa Jumapili watafiti wanane waliowahi kufadhiliwa ng'ambo wasimame uwanjani Cayma na kuwaeleza watu kazi zao. Silke wa makao makuu atatuhesabu kwa simu ya video.

Nikatuma barua pepe sitini na moja. Hamsini na nane zimerudi! Kila mtu alijiandikisha kwa anwani ya chuo cha ng'ambo, maana ilipendeza kwenye kadi. Ufadhili ukiisha, anwani nayo inakufa. Hata yangu. Ilipaswa kunichekesha.

Tawi tulilianzisha wawili, mimi na Edilberto. Juni nilimpigia, siku ya Jumapili: chombo chako cha kupimia mitetemeko ya ardhi kimenyamaza, na kesho watoto wa shule wanakuja kukiona kwenye skrini. Akapanda mlimani peke yake. Gari likaacha njia. Mama yake hajui nani alimpigia. Tangu siku hiyo nina ganzi. Nala, naoga, nafundisha somo langu la udongo. Basi. Ila hili tawi lake lisife mikononi mwangu.

Jumatano, 4 Oktoba

Nawatafuta kwa miguu. Plácida, mkemia wetu bora, sasa anauza dawa za mifugo. Akanitazama juu mpaka chini. Shoga, bado unatuita watafiti? Wateja wangu mimi ni kondoo! Nikamwambia njoo hivyohivyo. Haya, lakini koti jeupe sivai.

Wa tano huyo.

Ijumaa, 6 Oktoba

Mazoezi kwangu. Tumefika saba. Kila mmoja alijieleza utadhani yuko mbele ya maprofesa. Plácida akajifanya amelala, akakoroma. Wote wakacheka. Mimi nilikuwa nakusanya vikombe.

Mmoja akauliza: na meza ya mitetemeko, ile ya Edilberto? Watu wa hapa watauliza hilo kwanza. Macho yote kwangu. Nikasema sawa, kama mtu anayeulizwa dukani iwapo anataka risiti.

Wa nane hajapatikana.

Jumapili, 8 Oktoba

Naandika kwenye ngazi za kanisa. Plácida ananishikia meza kidogo.

Foleni ya adobo, mchuzi wa nguruwe wa kila Jumapili, ilikuwa ndefu, tukawavamia watu wakiwa na sahani mkononi. Nilieleza tetemeko kwa mikate miwili — naisukuma, inakwamana, ghafla inaruka. Mkate mmoja nimeuita Arequipa. Mzee mmoja akaila Arequipa! Watu wakacheka sana. Kisha nikaona kiti cha pembeni yangu kimekaliwa. Mama Saturnina, mama yake Edilberto, na kofia yake ya kwendea misa. Sikuwa nimekwenda kwake tangu mazishi.

"Endelea, binti yangu," akasema. "Miaka yote ile mwanangu alikuwa ananiletea picha za theluji tu. Nikaona haya kumuuliza anafanya nini hasa."

Papo hapo simu ikalia. Silke. Plácida akaizungusha kwenye meza zote, na Silke akahesabu kwa sauti: sita, saba, nane! Hongereni! Hakuna aliyemsahihisha. Hata mimi. Wa nane alikuwa Mama Saturnina, kwenye kiti chake. Tawi limepona.

Mama akataka kujua chombo kinasikiaje, kinaandikaje. Nikamweleza kwa maneno mepesi, na akaelewa. Akarudia mwenyewe kwa mikate, vizuri kunishinda. Halafu akaiweka chini.

"Sasa nieleze na hili. Jumapili si siku ya kazi. Alikuwa anakula, hata hajafika nusu ya sahani, simu ikalia. Nani alimwita?"

Nikasema, kuna watu nyuma yako, mama.

"Waache wapite. Mimi sina haraka."

Nikawaeleza hao watu. Sikumbuki nilisema nini. Sasa wamekwisha wote, wenzangu wanakunja meza zao, wanapongezana. Mama bado yuko mezani kwangu, amenunua adobo sahani mbili. Moja ameiweka upande wangu, ameifunika kwa mkate isipoe.

Naogopa. Miezi minne sijaogopa kitu, leo naogopa mpaka vidole vinauma. Nina maneno matatu tu ya kumwambia: Mama, ni mimi.

Plácida ananiita mara ya pili. Mama naye amegeuka, anatazama ngazi, ananitafuta.