Udongo Aliokula Somoe

Mjukuu wangu Sharifa,

Marahaba, tena marahaba. Hapa Mnyambe sisi wazima, mikorosho imechanua, na mimi bibi yako bado natunga uzi kwenye sindano bila miwani. Waambie wenzako huko Dodoma.

Unauliza kwa nini nesi anataka kukupima damu wakati hata mimba huna. Sikiliza habari ya mama yako mkubwa Somoe, binti yangu wa kwanza: hakuna aliyemfikia kupandisha ndoo ya maji kutoka bondeni. Kila ngoma nilijitapa naye. Alipoolewa, nikamkuta nyuma ya nyumba anamega udongo wa kichuguu, anatafuna.

"Mama, sina mimba," akasema. "Nachoka tu, na udongo naupenda."

"Nyamaza, mzazi ni mimi, dalili za mimba nazijua!" Nikapiga vigelegele. Jirani akaitika, "Hongera, Mama Somoe!"

Mimba haikuwepo. Ilikuja mwaka uliofuata, na siku ya kujifungua tukampoteza yeye na mtoto. Daktari akaniambia damu ilimpungua zamani, kabla hata mimba haijaingia. Ule udongo ndio uliokuwa ukitueleza hilo.

Jana sokoni Newala wasichana walikuwa wananunua udongo, mama zao wanacheka. Nikawaonya hao mama. "Aa, bibi, ndio ujana huo," wakanijibu. Nimechoka kusema, mjukuu wangu.

Na wewe umeandika, kwa utani, kwamba siku hizi udongo unaupenda. Sikucheka. Nenda kapime, mama. Safari hii vigelegele nimevifungia mdomoni, nangoja neno la nesi.

Bibi yako,
Mama Somoe