Busaa ya Wazee Wenu

Bondeni, Nakuru
Agosti 1957

Khisa wangu,

Huku mvua imetuletea matope hadi mlangoni, lakini sote wazima. Mama alifungwa wiki moja kwa kupika pombe ya busaa bila kibali, ile ya kuwapokea wazee wenu watakaoleta mahari. Alipotoka, majirani walimlaki kwa vigelegele.

"Kwani nimeiba kuku?" akawauliza, wakacheka.

Hata askari aliyemkamata alikuja kumpa pole, akakaa akitazama mtungi.

"Afande, si mliimwaga yote?" Mama akamwambia.

Mtaani hakuna anayemwita mhalifu. Ila mimi nawaza: wazee wenu watakubali uoe nyumbani kwa mfungwa? Mama hana hofu, ameanza kupika nyingine. Waambie waje Jumamosi na kiu yao, au wabaki huko kwenu Molo na heshima yao.

Wewe njoo.

Nasimiyu