Jani la Mgomba Juu ya Rais

Alhamisi, Tukuyu

Walisinzia wote, hata mchungaji. Nilikuwa nawasomea sura ya kwanza ya kitabu changu cha historia ya marais katika ukumbi wa kanisa, nikidhani ni kifua changu kigonjwa tu kitakachonishinda.

Ndipo jirani yangu Mama Atupele akainuka. "Mwalimu, tangu umeanza kusoma, Rais hajala wala hajanyeshewa. Huyo ni mtu kweli?"

Wakacheka. Kisha yeye mwenyewe akasimulia siku Rais alipokuja kwetu huku, Masoko: upepo ukavunja mwavuli, mvua ikamshika uwanjani, na msichana mmoja akakata jani la mgomba akamfunika. Rais akamwambia naye asogee chini ya jani hilo.

Ukumbi mzima uliamka. Kijana mmoja akauliza, "Sasa huyo dada yuko wapi?"

"Alikuwa mke wangu," nikasema.

Tusajigwe alinisimulia hayo miaka yote ya ndoa yetu. Sikuyaweka kitabuni. Niliyaona madogo, nikajaza hotuba na vyeo. Sasa amelala pale nyuma ya nyumba, kwenye migomba, na daktari hanifichi tena kwamba ninamfuata. Nilitaka watu waipende historia hii, nami nikamwacha nje mtu ambaye wangempenda.

Kitabu kizima sitaweza kukiandika upya. Nimefuta mstari wa kwanza tu. Mahali pake nimeandika:

"Rais alikuwa analowa, na Tusajigwe akakimbilia mgombani."