Zari na Viatu vya Wapigaji

Changamwe,
Jumatatu jioni

Kwa Baba yangu mpenzi,

Shikamoo Baba. Naomba Mungu barua hii ikukute na kifua kimetulia. Mama je, mguu wake umepungua uvimbe? Na yule mbuzi wa Nyanya ameshazaa, au bado anatuzungusha? Mimi huku kwa Shangazi sijambo, alhamdulillahi. Tangu nimalize shule namsaidia kushona foronya na mapazia. Watu wakiniuliza jina bado natazama chini, lakini Shangazi asema nitapona.

Leo lakini sikuandikii habari za cherehani. Nakuandikia habari za Zari, lile gitaa.

Najua hupendi kulisikia jina hilo. Hapo nyumbani kisiwani Faza, redio ya jirani ikilia gitaa, wewe hunyanyuka ukaenda msikitini hata adhana haijaadhiniwa. Nilipokuwa mdogo nilikuuliza kwa nini, ukaniambia, "Lilinikataa, mwanangu. Kitu kikikukataa mbele za watu, usikirudie." Sikuuliza tena. Lakini nakuomba uisome barua hii mpaka mwisho, japo kwa kuwa nimeiandika mimi.

Upepo uliezua paa la chumba cha wazazi katika zahanati yetu ya huku Changamwe, na kina mama wanajifungulia chini ya turubai. Basi Ami Kombo, yule rafiki yako uliyemwachia Zari, akasema atafanya jambo ambalo hajapata kulifanya. Atawaita wapigaji mashuhuri wa pwani nzima, na kila mmoja atalipiga Zari wimbo mmoja, viingilio vyote viende kwenye paa. Miaka yote hii, Baba, hakuna mkono mwingine uliokuwa umeligusa. Watu wamelisikia redioni na kwenye madansi, wakalijua jina kama wanavyojua jina la jirani. Jana alasiri walifurika ukumbini, wa Likoni, wa Kisauni, hata wenye magari kutoka Nyali.

Kupamba jukwaa walipewa Shangazi na wenzake wa chama. Unamjua dadako. Alisema wageni hawatasimamishwa juu ya saruji tupu kama magunia ya bandarini. Nikasugua jukwaa kwa maji na sabuni, na kabla halijakauka vizuri nikatandika mikeka yake mipya ya ukindu. Kisha akaniweka kwenye ngazi.

"Kazi yako ni viatu," akasema. "Mkeka wangu haukanyagwi na kiatu cha mtu, hata awe gavana."

Nilifurahi. Kupokea viatu hakutaki maneno, na mtu hutazama miguu, hatazami nyuso.

Wa kwanza alikuwa kijana mwembamba wa Kisauni. Alivua viatu, akapanda, akalipokea Zari kwa mikono miwili kama mtu apokeaye mtoto. Alipogusa nyuzi tu, aliruka akapiga ukelele, gitaa likamponyoka. Bahati nzuri mwenzake aliyekuwa chini ya jukwaa alilidaka.

"Umeshika gitaa ama nyoka?" mtu akapiga kelele kutoka nyuma, na ukumbi wote ukacheka.

Wa pili alikuwa mzee wa Likoni, mpiga udi. Alivua makubadhi yake, akasema Bismillahi, akalishika. Likamtupa akaketi kitako. Mara hii hakuna aliyecheka.

"Lina jini hilo," mama mmoja akasema. "Wallahi, lamtaka mwenyewe tu. Wengine lawakataa."

Watu wakaanza kushika watoto wao mikono na kutazama mlango. Nami nilishtuka, kwa sababu maneno hayo ndiyo yaliyokurudisha Faza.

Ami Kombo akainuka. Nikamwambia avue viatu, kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri. Akainama.

"Mwanangu, hivi viatu nikivivua ukumbi utahama kwa harufu. Mwambie Bi Mkubwa anisamehe."

Akaukanyaga mkeka na mabuti yake ya mpira, Shangazi akafumba macho. Akalishika Zari, nalo likaitika vizuri kabisa. Watu wakasema, "Mwaona? Lamjua bwana wake!" Lakini yeye hakufurahi. Aliliweka chini akasema, "Basi tuwaombe watu radhi, waende zao."

Miguuni pangu palikuwa na jozi mbili za viatu. Nikazitazama, kisha nikatazama mabuti ya Ami Kombo. Nikamkumbuka mwalimu wetu wa sayansi, alivyotuambia kwamba umeme haupiti kwenye mpira, na kwamba wapenda maji.

Baba, wanijua. Darasani nilikuwa na jibu nikanyamaza, akalisema mwengine akapigiwa makofi. Hata jana nilitaka kunyamaza. Nikakuona mawazoni unavyonyanyuka, ukavaa kofia yako, ukatoka. Nikamwendea Fundi Otieno, mtu wa bara anayetazama umeme wa ukumbi.

"Fundi, ni viatu."

"Viatu vimefanya nini?"

"Waliorushwa hawakuvaa. Na chini pana maji. Nimeosha mimi."

Akafunua mkeka, akapapasa saruji. "Ah! Nyinyi watu wa pwani mtaua mtu na adabu!" Akazima umeme, akafungua sanduku la sauti lililounganishwa na Zari, akakuta waya umelegea na kugusa chuma. Akaukaza. Kisha akasema kwa sauti kuu kwamba kila mpigaji avae viatu vyake, na kwamba aliyegundua ni huyu msichana hapa. Nilitamani mkeka unifunike.

"Na mikeka yangu?" Shangazi akauliza.

"Tutaiosha, Shangazi." Sijapata kumjibu kabla ya jana.

Nikasimama pale pale kwenye ngazi nikiwavisha watu viatu badala ya kuwavua. Wakalipiga wote mpaka karibu na magharibi. Yule mzee wa Likoni alilipiga polepole, jinsi apigavyo udi, na kina mama wakalia bila kujificha.

Watu walipotawanyika, Ami Kombo aliniuliza mimi ni binti wa nani. Nilipomwambia, aliketi kwenye ngazi.

"Tulikuwa tumealikwa kupiga kwenye arusi," akasema, "ua ulikuwa umerashiwa maji kutuliza vumbi. Ndiyo mara ya kwanza tulilitia umeme. Babako alivua viatu kwa heshima ya mikeka ya watu. Lilipomwangusha, bibi mmoja akasema limemkataa, na maneno yakashika. Kesho yake nikalipiga mimi, na viatu, likaitika. Nikadhani limenichagua." Akayatazama mabuti yake. "Mwambie halikumchagua mtu. Umwambie pia kwamba sikuuliza sana, kwa sababu nilikuwa nalitaka."

Nimekuandikia kama alivyosema, sikuongeza wala sikupunguza.

Nisalimie Mama, na Nyanya umbusu mkono kwa ajili yangu. Kaka mwambie kofia yake naidarizi, asinihimize. Mwalimu wangu wa chuoni mwambie bado nasoma juzuu yangu kila asubuhi. Shangazi awasalimu nyote; mikeka imeoshwa na imekauka.

Ndani ya kifurushi kilichokuja na barua hii utaona raba nyeusi. Nambari yako sikuijua, nikapima kwa mguu wa Ami Kombo, maana aliniambia ujanani mlikuwa na jozi moja mkiivaa kwa zamu. Soli yake ni mpira mtupu, na Fundi ameikagua mwenyewe. Siku paa likimalizika watalipiga Zari tena, na Ami Kombo amesema wimbo wa kwanza hautapigwa na mtu mpaka uje.

Usinijibu kwa barua, Baba. Zivae.

Ni mimi binti yako akupendaye,
Zuhura